Maneno Tuliyookota kwa Bi Dora

Sisi tuliokulia Mirdif, hapa Dubai, kabla haijajaa maduka na taa za barabarani, tulikuwa na neno letu la kumwambia mtu anayelalamika bila sababu. Tulimwambia, "Usinikvechi." Ukilalamikia joto, unakvechi. Ukilalamika wali umezidi chumvi, unakvechi. Mama yangu, aliyezaliwa Unguja mjini na kufika Dubai akiwa msichana, alilitamka neno hilo kwa lafudhi safi ya kwao kana kwamba alizaliwa nalo. Nilikuwa mtu mzima, na watoto ninao, nilipomwambia Mzanzibari mmoja wa Sharja aache kukvechi, akaniuliza hicho ni Kiswahili cha wapi. Nikamjibu ni cha kwetu. Sikumwambia uongo.

Mirdif ya wakati ule ilikuwa mchanga na miti ya ghafu. Nyumba zilikuwa chache, kuta zilikuwa fupi, na baina ya nyumba na nyumba palikuwa na uwanja tuliouona mkubwa kama nchi nzima. Ndege zilipita juu yetu zikienda kutua, chini hasa, kiasi kwamba maneno yalikatika mdomoni. Watu wazima walinyamaza mdomo wazi, ndege ikapita, wakaendelea pale pale walipoachia. Watoto wa siku hizi video ikikwama kidogo wanaitazama simu kama imewatukana. Sisi tulilelewa na ndege, tukajifunza kungoja.

Tulicheza kombolela mpaka adhana ya magharibi. Tulicheza nage kwa mpira wa soksi uliojazwa matambara, na mdako kwa vijiwe tulivyoviosha kwa maji ya kiyoyozi yaliyokuwa yakidondoka kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Tulikuwa na njaa saa zote. Ukipita jikoni unakuta kaimati zinaelea kwenye shira, ukichomoa moja inakuunguza vidole, na ukilia mama anakuuliza nani alikutuma. Ijumaa nyumba nzima ilinuka udi na bizari ya biriani, na nguo zetu zilinuka hivyo hivyo mpaka Jumatatu shuleni.

Nyumbani tulikuwa watu watano: baba na mama, kaka yangu Khamis, mimi, na bibi yetu mzaa baba, Bi Moza. Bibi alikuwa mfupi, mweupe wa nywele, na sauti yake ilivuka kuta mbili. Alipanda mrehani na asumini kando ya ukuta wa kulia na kuimwagilia kila jioni kwa mpira. Mrehani ule ulikuwa Unguja yake yote, na kuukanyaga ilikuwa kosa kubwa kuliko kukosa shule.

Nyumba ya upande ule ilikaa tupu kwa muda, kisha akahamia mhandisi wa ndege, Mwingereza aitwaye Martin, na mama yake mzee. Waingereza tuliwajua. Walikupungia mkono kutoka ndani ya gari, basi, hadithi ikaishia hapo. Jioni moja Khamis aliruka kufuata mpira akatua juu ya mrehani. Bibi akaanza kumsema, ukoo mzima ukaingia, na katikati ya maneno ikasikika sauti ya kike kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Wacha yeye, mama. Hii mtoto iko na akili ya kuku."

Bibi aliuachia mpira wa maji, ukammwagikia miguuni. Juu ya ukuta kilitokeza kichwa cha bibi wa Kizungu, kofia ya majani kichwani na miwani mikubwa.

"Wewe ni nani unayenisemesha Kiswahili?" Bibi akauliza.

"Mimi Dora. Mimi nazaliwa Nakuru. Baba yangu iko na duka ya kuuza jembe na misumari."

Bibi alimtazama sana. "Kiswahili chako kina homa," alisema mwishowe, "lakini karibu."

Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya alasiri, viti viwili viliwekwa ukutani, kimoja kwetu na kimoja kwao. Bibi alimpitishia Bi Dora chai ya rangi yenye hiliki na mdalasini, Bi Dora akapitisha biskuti zake za ufuta. Sisi watoto tukahamishia mchezo wetu hapo hapo, kwa sababu palikuwa na cha kula na cha kucheka. Bi Dora alisema "hii maandazi", Bibi akasema "maandazi haya". Bi Dora alisema "mtu mbili", Bibi akashika kichwa. Alimsahihisha kila siku kwa miaka, na Bi Dora hakuonyesha hata mara moja nia ya kujirekebisha.

Bibi hakujua Kiingereza zaidi ya salamu. Kwa hiyo Kiswahili kilipomwishia Bi Dora, hakukimbilia Kiingereza. Alishika njia nyingine, lugha ambayo sisi hatukuijua wala hatukuiuliza jina. Alipochoka aliketi na kuguna, "Oi vei iz mir." Bibi akasikiliza mara mbili tatu, akauliza maana. Bi Dora akafikiri, akaweka mkono kifuani. "Kama mtu nalia. Kama mtu nasema, mimi, mimi, taabu yangu."

"Ole wangu," Bibi akasema. "Hiyo ndiyo ole wangu. Tena hata mlio ule ule."

Mambo yakaanzia hapo. Wazee wale wawili waligeuza ukuta kuwa soko la maneno. Bi Dora akitoa lake, Bibi anatafuta mwenzake. Kitambara cha kufutia vumbi kwa Bi Dora kilikuwa shmata, na kuanzia mwezi ule kwetu pia kikawa shmata, hata mama alipokiagiza dukani. Kubeba mzigo mzito ukiuburura huku roho haitaki kulikuwa kushlepu, na mabegi yetu ya shule tuliyashlepu. Kutafuna kitu kidogo kabla ya chakula kulikuwa kunoshi. Mtu asiye na mikono, akishika kikombe kinavunjika, akipita anamwaga, alikuwa klutsi, na jina hilo alipewa Khamis, bado analo mpaka leo ingawa ni mkuu wa idara kazini kwake. Bi Dora alipotaka umalizie habari yako alisema "Nu?" akiinua nyusi. Bibi akamwambia sisi tunasema "Ehee?", basi wakawa wanabadilishana, huyu anasema la yule.

Mimi aliniita bubele. Bibi alipouliza, Bi Dora alisema ni bibi mdogo, ndivyo kwao wanavyomwita mtoto wanayempenda. Bibi alifurahi mno. "Na sisi vile vile," alisema, "mtoto wa kike ukimpenda unamwita bibi. Basi huyu ana mabibi watatu, wewe, mimi, na yeye mwenyewe." Ukimsifu mtoto mbele ya Bi Dora, hata ukisema tu kwamba amenenepa, alisema haraka "kinahora" na kujifanya anatema mate pembeni, ili jicho la watu lisimdhuru. Bibi alikuwa akisema mashallah na kufanya vivyo hivyo. Nakumbuka siku Khamis alipoleta cheti cha kufaulu, wazee wale walimtemea mate ya uongo kutoka pande zote mbili za ukuta mpaka akakimbia.

Neno alilolipenda Bi Dora kuliko yote lilikuwa mensh. Alisema maana yake ni mtu tu, lakini si kila mtu. Bibi hakuhitaji maelezo. "Sisi pia tunasema hivyo. Fulani ni mtu. Na mwingine ana miguu miwili na kichwa, lakini si mtu."

Kilichomshangaza Bibi zaidi ni maneno yaliyofanana na ya kwake. Malaika kwa Bi Dora alikuwa malekh. Hesabu ilikuwa kheshbn. Kumhurumia mtu aliita rakhmones, na Bibi akasema hiyo si rehema hiyo? Salamu yao ilikuwa sholem.

"Dora, umetuibia maneno yetu," Bibi alisema.

"Hapana, mama. Nyinyi ndio naiba kwetu."

Walicheka mpaka Bi Dora akavua miwani na kujifuta macho. Sikuelewa wakati ule kwamba Bibi alikuwa ameshafahamu jambo ambalo sisi wengine tulikuwa hatujalifahamu.

Kwa kuwa Bi Dora na mwanawe walizungumza Kiingereza wao kwa wao, mimi nilidhani maneno yale yote ni Kiingereza. Nikiwa darasa la tano tuliambiwa tuandike insha juu ya mtu tunayempenda. Nikaandika juu ya Bibi. Nilieleza kwa Kiingereza changu bora kwamba bibi yangu hupenda kunoshi saa za jioni, kwamba hakvechi hata miguu ikimuuma, na kwamba humpiga kwa shmata kaka yangu ambaye ni klutsi. Niliiona ni insha ya kushinda zawadi.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Miss Filomena, mwanamke wa Goa mwenye saa ndogo ya dhahabu na wino mwekundu usioisha. Aliisoma insha yangu akatabasamu, akaisoma tena, akaniita mezani wenzangu walipotoka kwenda kucheza. Pembeni alikuwa ameniandikia maneno ya darasani: complain, snack, rag, clumsy. Akashusha sauti.

"Haya si maneno ya Kiingereza, Salma. Mengine Wamarekani wameyachukua, lakini asili yake ni Kiyidi. Ni lugha ya Mayahudi wa Ulaya. Nani amekufundisha?"

"Jirani yetu."

Aliiziba kalamu. Akatazama mlango, akanirudishia daftari. "Ni maneno mazuri," alisema. "Shuleni tumia ya kwenye kitabu."

Ijumaa ile alikuja kula kwetu Ami Seif, mdogo wake baba. Ami alikuwa mtu wa ofisini, mpole, na aliogopa kila kitu kinachoweza kumfikisha mtu mbele ya afisa. Biriani ilipofunuliwa nami nikaona ndiyo nafasi ya kuonyesha elimu yangu. Nikasema mwalimu ameniambia maneno ya Bi Dora ni Kiyidi, lugha ya Mayahudi.

Ami aliurudisha wali kwenye sinia. Baba akamtazama mama. Lazima msomaji wa rika langu akumbuke miaka ile ilivyokuwa. Jambo kama hilo halikusemwa Dubai, hata nusu sauti. Kila jioni taarifa ya habari ilituletea Palestina sebuleni, na mama alilia mbele ya televisheni akiwa na ungo wa mchele mapajani. Mimi mwenyewe neno Mayahudi nililijua kutoka humo tu, na halikuwa na uhusiano wowote kichwani mwangu na mtu anayepitisha biskuti za ufuta.

"Mama," Ami alimwambia Bibi, "ulikuwa unajua?"

"Tangu mwezi wa kwanza," Bibi akajibu, akiendelea kula. "Mtu hali nguruwe. Nyama yangu haigusi mpaka anihoji nimeichinjaje. Akishakula nyama hanywi chai ya maziwa. Ijumaa jua likizama anawasha mishumaa dirishani na umeme upo. Anasuka mkate kama anasuka nywele. Nimekulia mjini Unguja, Seif, nimeona watu wa kila dini. Sijawa kipofu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba jirani yangu ana baba na mama waliomzaa?"

"Watu watasema, mama. Watoto wameshaanza kuyaandika shuleni. Sisi wenyewe hapa tunaishi kwa karatasi za ukaazi."

Bibi alinawa mkono. "Wapalestina nawalilia," alisema, "na nitawalilia mpaka nife, kwa sababu najua kutolewa nyumbani. Dora hakumtoa mtu nyumbani kwake. Wazee wake ndio waliotolewa kwao, wakaangukia Nakuru wakauza majembe. Sasa nipe maji."

Ami hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa kwa ajili yetu. Alipotoka alimkuta Bwana Martin akiosha gari, akazungumza naye pale getini kwa adabu zote, akamwomba amwambie mama yake ayaache maneno yake ndani ya nyumba, kwa usalama wa kila mtu. Nilikuwa nimesimama kibarazani. Nilimwona Bwana Martin akiwa mwekundu mpaka shingoni, akisema asante, asante sana, huku maji ya ndoo yakimwagika bure.

Kesho yake alasiri kiti cha ng'ambo kilikuwa kitupu. Na siku ya pili, na zilizofuata. Bibi aliketi peke yake na chai yake, akimwaga iliyopoa na kumimina nyingine. Aliita mara moja, "Dora!" Tulisikia dirisha likifungwa. Khamis nami tulicheza bila kelele, jambo ambalo halijapata kutokea, na Bibi akatukemea kwa kunyamaza kwetu. Ndege zilipita, na hapakuwa na mazungumzo ya kukatiza.

Siku moja Bibi hakutoa kiti. Alivaa buibui lake la kutokea, akajifukiza udi, akamwambia mama atie mkate wa kumimina kwenye sahani na kuufunika kwa kawa. Kisha akanipa sahani niibebe, akamshika Khamis mkono, tukatoka nje. Alikuwa hajapata kuingia nyumba ile, urafiki wao wote ulikuwa wa ukutani. Tulizunguka kwa njia ya mbele, juani, Bibi akihema, akasimama mlangoni akagonga kwa pete yake.

Alifungua Bi Dora mwenyewe. Alikuwa na gauni la nyumbani na bila kofia, nikamwona mdogo kuliko nilivyomzoea juu ya ukuta.

"Mama Moza, rudi nyumbani," alisema. "Mimi naleta shida kwako."

"Nipishe," Bibi akasema. "Miguu inaniuma."

Akaingia bila kukaribishwa, akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Sisi tukakaa sakafuni. Bwana Martin alitokeza ngazini, akabaki amesimama hapo.

"Nitakwambia kitu sijamwambia mtu," Bibi alianza. "Nilipofika mji huu nilikuwa na Kiswahili changu tu. Kiarabu nilikuwa nacho cha kusalia, si cha kununulia samaki. Nikifungua mdomo sokoni watu wanacheka. Shemeji yangu akaniambia, Moza, ukitoka nje nyamaza, watu wasijue ulikotoka. Nikanyamaza. Nikawa nanunua kwa kidole, nataka hiki, nataka kile. Baadaye hata ndani ya nyumba nikawa nanong'ona. Siku moja nimesimama jikoni, nimeshika upawa wa kupakulia mchuzi, na jina lake silijui. Nauangalia. Najua kazi yake, najua mama yangu alikuwa anautundika wapi, lakini jina halinijii. Siku ile nililia, Dora. Siku niliyotoka Unguja sikulia hivyo."

Bi Dora alikuwa amekaa mbele yake, mikono mapajani.

"Nikamwambia mume wangu, kuanzia leo mimi nasema, na anayetaka kucheka acheke. Ndiyo maana hawa watoto unawaona wanakijua. Sasa wewe unataka nikae na jirani bubu?"

Bi Dora alimtazama mwanawe pale ngazini. "Martin hajui hii lugha," alisema. "Bwana yangu alisema mtoto asikie Kizungu tu, ndiyo salama kwake. Mama yangu nakufa Nakuru, zamani sana. Tangu ile siku hakuna mtu naita mimi kwa maneno yetu. Mimi nafikiri imekwisha kabisa. Halafu nakaa na wewe kwa ukuta, na maneno inarudi. Inarudi yenyewe, Moza. Ingine hata mimi nashangaa, nasema, wewe ulikuwa wapi?"

Alianza kulia, taratibu, bila kujificha. Bibi hakumbembeleza. Alimpa ncha ya buibui lake ajifute, na Bi Dora akajifuta nayo.

Bwana Martin akaniuliza kwa Kiingereza wanasema nini. Sikujua nianzie wapi. Nikamwambia mama yako anasema wewe hujui maneno ya bibi yako. Aliketi kwenye ngazi pale pale, mtu mkubwa vile, magoti yakimfika kidevuni, akamtazama mama yake kama ndiyo kwanza wamekutana.

"Kesho alasiri," Bibi alisema, akinyanyuka. "Na useme maneno yanarudi. Si inarudi."

Kesho yake viti vilirudi mahali pake. Cha ajabu ni kwamba Bwana Martin naye alianza kutoka na kikombe chake, siku alizowahi kutoka kazini, akakaa kwenye nyasi karibu na kiti cha mama yake. Alipokwama alituuliza sisi. Kwa hiyo mtu yule alijifunza lugha ya mama yake kutoka kwa mama yake kwa Kiswahili kibovu, na kutoka kwetu kwa Kiingereza cha darasa la tano. Alikuwa mwanafunzi mzito lakini hakuchoka.

Ami Seif alipokuja tena aliviona viti, akasita kibarazani, akarekebisha kofia. Bibi hakumpa nafasi ya kusema. "Msalimie mkubwa wako," alimwamuru. Ami akasogea ukutani, mtu mzima, ndevu zake zimechanwa vizuri, akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, bubele," Bi Dora akajibu.

Khamis alianguka kwenye mrehani kwa kucheka, na siku ile hakusemwa. Ami mwenyewe alicheka mwishowe, akakaa akanywa chai, na tokea hapo hakuja kwetu bila kumpelekea Bi Dora tende za shamba lake la Hatta. Watu walisema? Labda walisema. Hakuna afisa aliyekuja.

Walikaa miaka mingine kadhaa, mpaka Bwana Martin alipopata kazi Australia. Asubuhi ya kuondoka gari lilikuwa limeshawashwa. Wazee wale walisimama getini, safari hii bila ukuta kati yao. Bi Dora alimshika Bibi mikono yote miwili akasema, polepole, kama mtu aliyejifunza usiku kucha, "Jirani yangu, nisamehe kwa yote. Maneno uliyonipa nimeyaweka." Kila kitu mahali pake, hakuna kosa hata moja. Bibi alifungua mdomo amsahihishe, akakuta hapana cha kusahihisha. Ndipo alipolia. Akamjibu, "Zai gezunt, Dora," yaani kaa na afya, ndivyo wanavyoagana kwao. Lafudhi yake ilikuwa mbovu kabisa.

Walipigiana simu kila Idi, na kila mwaka Bibi alikuwa na cha kusahihisha. Kisha Idi moja akapiga Bwana Martin peke yake. Bibi alisikiliza, nikimfasiria, akasema innalillahi, akauliza Dora alikuwa na nani. Bwana Martin akasema alikuwa naye, na waliongea mpaka mwisho, kwa lugha ya mama yake. Bibi akaniambia nimwambie yeye ni mensh. Nikamwambia, akaomba nilirudie. Bibi mwenyewe alimfuata mwenzake baada ya miaka michache, na mrehani ukaenda naye, maana hakuna kati yetu aliyejua kuutunza.

Sasa Mirdif imejaa. Binti yangu ana miaka ya wakati ule wangu, anazungumza Kiingereza cha kwenye video, Kiarabu cha shuleni, na Kiswahili anachonihurumia nacho. Shikamoo ya babu yake anaituma kwenye kundi la familia kwa kikatuni cha mikono iliyoshikana, na marahaba anarudishiwa kidole gumba. Juzi nilimwambia asinikvechi, akaandika kwenye simu, jibu likaja kabla sijamaliza kupumua. "Mama," akaniambia kwa upole, kama anayetoa taarifa ya msiba, "hili si neno la Kiswahili." Nikamwambia najua. Alikuwa ameshavaa vizibo vyake vya masikioni.

Simu yake inajua maneno yote, na maana zake zote ni sahihi, sina ugomvi nayo. Dubai ya leo Mayahudi wapo waziwazi, na Bi Dora angeweza kuyasema maneno yake dukani kwa sauti kubwa bila Ami Seif kupoteza usingizi. Lakini wakati ule alipoyanong'ona, mtaa mzima ulimsikia. Leo ningemtafutia nani wa kumsikiliza? Kila mtu amejiziba.

Kuta za Mirdif zimepandishwa pia, mtu hawezi kutokeza kichwa hata akipanda kiti. Nyumba ya pili kwetu wanakaa watu mwaka wa nne huu. Gari lao ni jeupe, geti lao linajifungua na kujifunga lenyewe, na jioni nasikia mwanamke akimwita mtoto kwa lugha nisiyoijua. Ni lugha tamu. Mara nyingine nazima televisheni ili niisikie vizuri, naye akishaingia ndani, naiwasha tena.